Salmoni na Mto Elwha

Wako samaki wakaao mtoni maisha yao yote, na wako wakaao baharini tu. Lakini wako wengine wenye makao mawili. Wanafunzi watokao kandokando ya Ziwa Victoria wamjua ningu, ambaye hukaa ziwani, na mvua zinyeshapo na mito ifurikapo hupanda mtoni kutaga mayai yake. Katika somo hili tutasoma habari za samaki mwingine mwenye desturi kama hiyo, ila safari yake ni ndefu zaidi, maana huzaliwa mtoni, hukulia baharini, na hurudi mtoni kuzaa na kufa. Jina lake ni salmoni. Tena tutasoma habari za mto wake mmoja uliofungwa kwa muda wa miaka mia, na jinsi ulivyofunguliwa.

Mto huo waitwa Elwha. Uko katika jimbo la Washington, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi ya Marekani. Huanza katika milima ya Olympic, ambayo vilele vyake vina theluji, ukashuka kwa kasi kati ya magenge na misitu mikubwa, ukaelekea kaskazini mpaka unapoingia katika mlango wa bahari uitwao Juan de Fuca, mpakani mwa Marekani na Kanada. Urefu wake wapata maili 45 tu. Si mto mkubwa. Lakini zamani ulikuwa na salmoni wa kila aina wapatikanao upande ule wa dunia. Mkubwa wao ni chinook, na wazee walisimulia ya kuwa chinook wa Elwha waliweza kufika uzito wa ratili 100. Huyo ni mzito kuliko mtoto wa darasa lenu.

Yafaa kwanza tufahamu maisha ya salmoni, maana asiyeyafahamu hataelewa kwa nini watu walikubali kutumia fedha nyingi sana kwa ajili yake.

Salmoni jike afikapo mahali pa kutagia hutafuta kokoto safi chini ya maji yaendayo. Hulala kwa ubavu, akapiga mkia wake kwa nguvu, hata shimo lifanyike. Hutaga mayai humo, na dume huyarutubisha. Kisha jike hupiga mkia tena, akayafunika kwa kokoto. Mayai hukaa humo wakati wote wa baridi. Maji hupita kati ya kokoto na kuyaletea hewa. Sasa fikiri, mwanafunzi, itakuwaje tope likishuka na kuziba nafasi zile zilizo kati ya kokoto? Mayai hufa kwa kukosa hewa, kama mtu afunikwaye uso. Kwa hiyo salmoni hawezi kuzaa kila mahali palipo na maji. Ataka maji baridi, safi, yaendayo, na chini yake kokoto za kiasi chake, zisiwe mchanga wala majabali.

Watoto watokapo katika mayai huwa wamechukua bado kifuko cha chakula tumboni. Kifuko kikiisha hutoka katika kokoto na kujitafutia wadudu wa majini. Aina nyingine hukaa mtoni mwaka mzima au zaidi, nyingine huanza safari baada ya siku chache. Na wote waendapo huishika moyoni harufu ya maji ya kwao. Ndiyo itakayowaongoza watakaporudi.

Hapo twafika kwenye mlango wa mto, mahali ambapo wengi hudhani ni matope tu yasiyo na faida. Maji ya mto na maji ya bahari hukutana pale, yakapanda na kushuka kila siku kwa kujaa na kupwa. Samaki mdogo atokaye mtoni hawezi kujitupa baharini kwa ghafula. Katika maji matamu mwili wake ulikuwa na kazi ya kutoa maji yaliyozidi. Baharini kazi hugeuka, hana budi kunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa mashavu yake. Mwili wahitaji muda wa kujigeuza, hata rangi yake hubadilika ikawa nyeupe kama fedha. Basi mlango wa mto ni kama sebule katika nyumba ya mwambao: mgeni haingii ndani moja kwa moja. Katika vijito vya matope samaki mdogo hupata chumvi kidogo kidogo, hupata wadudu wengi wa kula, na hujificha katika majani adui wajapo. Aingiaye baharini akiwa amenenepa ana tumaini la kurudi. Aingiaye akiwa mwembamba huliwa upesi.

Hukaa baharini miaka kadha wa kadha, kwa aina nyingi miwili mpaka mitano, akasafiri mbali sana. Kisha hurudi. Akiisha kuingia mtoni hali chakula tena. Husafiri kwa nguvu ya mafuta yaliyo mwilini, akaruka maporomoko madogo, na baada ya kutaga hufa. Msidhani kifo hicho ni hasara. Mizoga yake huliwa na dubu, na ndege, na wadudu, na wadudu wale huliwa na watoto wa salmoni wenyewe. Dubu humbeba samaki msituni, akala nusu, akaacha nusu, na miti ikapata mbolea. Wataalamu wamepima miti iliyo kando ya mito ya salmoni, wakaona ndani yake chakula kilichotoka baharini. Mto hushusha maji na mchanga. Salmoni ndiye apandishaye mali ya bahari mlimani.

Kandokando ya Elwha waliishi tangu zamani wenyeji wa asili waitwao Waklallam. Samaki alikuwa chakula chao, na biashara yao, na kiini cha sherehe zao. Mwaka 1855 wao pamoja na makabila jirani waliandikiana mapatano na serikali ya Marekani. Walitoa sehemu kubwa sana ya nchi yao, lakini walijibakizia haki ya kuvua samaki mahali walipozoea kuvua. Likumbukeni neno hilo: hawakupewa haki ya kuvua, walikuwa nayo, nao hawakuitoa.

Mwaka 1910 watu wa biashara walianza kujenga ukuta wa bwawa katika Elwha, maili 5 hivi kutoka baharini, ili maji yaendeshe mitambo ya umeme kwa viwanda vya mbao na karatasi. Kazi ilifanywa kwa haraka. Ukuta haukushikamana na mwamba chini, na mwezi wa Oktoba 1912 maji yalipasua njia chini yake yakaufurikia mto. Uliwekwa sawa, na mwaka 1913 umeme ukaanza kupatikana. Kimo chake kilikuwa futi 108. Mwaka 1927 ukuta wa pili, Glines Canyon, ulikamilika katika genge maili 8 hivi juu ya ule wa kwanza, na huo ulikuwa na kimo cha futi 210.

Nilipofundisha habari hizi mwanafunzi mmoja aliuliza, Mbona hawakuwajengea samaki ngazi? Swali lake lilikuwa jema. Kweli iko njia ya kujenga vidimbwi vilivyopandana kama ngazi, ili samaki aruke kutoka kimoja mpaka kingine. Tena ilikuwako sheria katika jimbo la Washington tangu mwaka 1890, iliyoamuru kwamba kila ukuta ujengwao katika mto wa samaki uwe na njia ya samaki. Sheria ile haikufuatwa. Badala yake wakubwa walikubali nyumba ya kutotolea mayai ijengwe karibu na ukuta, yaani watu wachukue mayai, wayalee, kisha wamwage watoto mtoni. Nyumba ile iliachwa mwaka 1922, na ukuta ukabaki. Mto na vijito vyake vilikuwa na njia ya samaki zaidi ya maili 70. Waliachiwa zile 5 za chini.

Hasara haikuwa hiyo peke yake. Kila mto hubeba mchanga, kokoto na magogo, lakini nyuma ya kuta mbili vitu hivyo vilikaa, mwaka hata mwaka. Chini ya kuta maji yalichukua kokoto zilizokuwako wala hayakuleta nyingine, yakabaki mawe makubwa yasiyofaa kutagia. Maji yaliyotuama bwawani yalipata joto la jua, yakashuka na joto lile, na samaki wakashikwa na maradhi kwa urahisi. Pwani nako, mlangoni mwa mto, mchanga ulipotea kwa kuwa bahari iliuchukua na mto haukuuleta. Mahali walipochimba chaza sasa palikuwa na mawe matupu. Wataalamu wamekadiria ya kuwa kabla ya mabwawa salmoni waliorudi Elwha kila mwaka walipata 400,000 hivi. Mwishoni walikuwa elfu chache tu.

Waklallam walipoteza na kitu kingine kisichopimwa kwa ratili. Wazee wao walikuwa na mahali patakatifu kando ya mto, penye mwamba, ambapo kwa mapokeo yao watu wa kwanza waliumbwa. Bwawa lilipofunika bonde, mahali pale pakawa chini ya maji. Watoto waliozaliwa baadaye walisimuliwa habari zake, lakini hakuna aliyeweza kuwaonyesha.

Ili tuelewe jinsi mambo yalivyogeuka hatuna budi kuuacha Elwha kidogo na kwenda kusini katika jimbo hilohilo, kwenye mto Nisqually. Huko alizaliwa mwaka 1931 mtu wa kabila la Wanisqually, jina lake Billy Frank. Wanisqually nao walikuwa na mapatano ya namna ile, ya mwaka 1854. Hata hivyo mwaka 1945, Billy akiwa mtoto wa miaka 14, askari wa samaki walimkamata akitoa salmoni wavuni. Huo ulikuwa mwanzo tu. Katika maisha yake alikamatwa zaidi ya mara 50. Serikali ya jimbo ilisema wenyeji wanamaliza samaki. Ni ajabu ya kutosha, maana kuta za mabwawa hazikujengwa na wenyeji, wala misitu haikukatwa nao, wala si wao waliovua baharini kwa vyombo vikubwa. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba mapatano yale bado yana nguvu, na makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa.

Lakini nusu ya nini? Nusu ya mto usio na samaki ni bure. Kwa hiyo makabila yalianza kuuliza habari za mito yenyewe. Waklallam wa Elwha, pamoja na watu wengine wapendao mito, walidai kuta zao ziondolewe, na mwaka 1992 baraza la Marekani lilitunga sheria ya kuurudisha mto huo katika hali yake. Msidhani kazi ilianza kesho yake. Ilipita miaka karibu 20. Mji wa Port Angeles na viwanda vilitumia maji ya mto ule, na tope lingewaharibia. Ikapasa kwanza kujenga mitambo ya kusafisha maji. Serikali ilizinunua kuta kwa wenyewe. Gharama zote zilipata dola milioni 325. Nami sitawaficha: walikuwako watu wenye akili waliosema fedha hizo ni nyingi mno kwa mto mmoja, na tena umeme wa maji hautoi moshi.

Mwezi wa Septemba 2011 kazi ilianza. Haikuwezekana kuvunja kuta kwa siku moja, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mchanga na tope kiasi cha mita za ujazo milioni 21. Ukuta wa Glines Canyon ulikatwa kutoka juu, kidogo kidogo, na mafundi waliacha kazi kila msimu samaki walipokuwa wakipanda au kushuka, ili tope lipungue. Ukuta wa chini uliondoka wote mwaka 2012. Wa juu, kipande chake cha mwisho kilipasuliwa kwa baruti mwezi wa Agosti 2014.

Mto ukawa kama uji. Hilo lilitazamiwa, na hapa palizuka ugomvi ambao haujatulia kabisa. Kabila na serikali waliweka nyumba mpya ya kutotolea, ili wasije wakafa wote katika tope mbegu ile ya Elwha iliyobaki. Wengine walikwenda mahakamani kupinga, wakisema samaki waliolelewa na watu huwa dhaifu, nao wakichanganyika na wa porini huharibu uzao. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Asiye na kitu ila kichwa kimoja cha mbegu ataogopa kukitupa shambani siku ya gharika. Walakini mbegu iliyokaa ghalani vizazi vingi husahau shamba.

Wakati uleule watu walipanda. Mabonde yaliyokuwa chini ya mabwawa yalikuwa kama jangwa la mchanga, na waliyatia miche zaidi ya 300,000 ya miti na majani ya nchi ile. Katika sehemu ya chini ya mto Waklallam walirundika magogo makubwa kwa ustadi, ili maji yapunguze kasi, yachimbe vidimbwi, na kuacha kokoto. Hapo kale wageni waliyaondoa magogo mitoni wakidhani wanausafisha mto. Kumbe waliyang'oa makao ya samaki.

Majuma machache baada ya ukuta wa pili kuanguka, chinook walionekana juu ya mahali pake, ambapo salmoni hakupita tangu ujengwe. Hakuna aliyewabeba. Mawe makubwa yaliyoporomoka katika genge yaliwazuia wengine, mpaka yalipopasuliwa. Lakini la kustaajabisha zaidi ni habari ya stilhedi. Huyu ni trauti, ndugu wa salmoni, ambaye baadhi ya watoto wake hukaa mtoni daima na baadhi huenda baharini, wakarudi wakubwa. Kuta zilipojengwa baadhi ya trauti walifungiwa juu. Wao na uzao wao waliishi humo miaka mia, wadogo, hawajui bahari. Njia ilipofunguliwa wakaanza kushuka, na baada ya miaka michache stilhedi wa kiangazi, waliodhaniwa wamekwisha, walirudi kutoka baharini na kupanda mpaka sehemu za juu. Wataalamu walipochunguza damu yao waliona ukoo wa wale waliofungiwa.

Na mlango wa mto je? Mchanga uliozuiliwa karne nzima ulishuka, ukajaza pwani. Fukwe mpya zilifanyika, na vijito, na vidimbwi vya maji ya chumvi kidogo. Mahali palipokuwa na mawe, kaa na samaki wadogo walionekana, na samaki wachanga watokao mtoni wakapata tena sebule yao.

Katika Nisqually kazi ilikuwa ya namna nyingine, na ni vema kuilinganisha. Huko mlango wa mto uliharibiwa na tuta. Mwanzoni mwa karne iliyopita mkulima mmoja alizungusha tuta refu la udongo kuzuia maji ya bahari, akalima na kufuga mahali pa matope. Mwaka 2009 tuta hilo liliondolewa, na bahari ikaingia tena katika eka 762. Lakini nchi iliyokauka miaka mingi ilikuwa imedidimia, na ili iinuke yahitaji matope mapya kutoka mlimani. Matope hayo mengi hukamatwa na bwawa la Alder, lililojengwa juu ya mto ule, nalo lingali lipo. Basi mahali pale maji yamerudi, majani yamerudi kwa sehemu, samaki wachanga huingia na kula, ila udongo waja polepole mno. Elwha walifungua juu na mlango ukajijenga wenyewe. Nisqually walifungua mlango, na juu kumefungwa. Billy Frank aliiona bahari ikirudi kabla hajafa mwaka 2014, na mwaka uliofuata hifadhi ile ilipewa jina lake.

Turudi Elwha. Tangu mwaka 2011 uvuvi wa salmoni ulikatazwa mtoni, kwa watu wote, hata Waklallam wenyewe. Nao walikubali kusubiri. Hesabu ya samaki haikupanda kwa usawa. Koho walifanya vema. Chinook wengi walihesabiwa, lakini sehemu kubwa yao wangali wakitoka katika nyumba ya kutotolea. Aina nyingine bado ni wachache sana. Mwaka 2023 kabila liliona koho wametosha kuvuliwa kidogo, kwa chakula na kwa sherehe tu. Wazee na vijana walishuka mtoni kwa nyavu na ndoana. Wako watu wazima siku ile waliokuwa hawajapata hata mara moja kuvua samaki katika mto wenye jina la kabila lao.

Na lile jiwe takatifu? Maji ya bwawa la chini yalipokwisha kutoka, mwaka 2012, Waklallam walishuka katika bonde lililofunuliwa, wakaenda mpaka mahali walipoelekezwa na simulizi, wakakuta mwamba upo.

KAZI. Chora Mto Elwha kuanzia milimani hata baharini. Tia alama mahali pa kuta mbili, mahali ambapo chinook aweza kutaga, na mahali ambapo mtoto wake hujizoeza chumvi. Kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe: kama ungefunguliwa ukuta wa juu tu na wa chini ukaachwa, ni samaki gani wangefaidika, na ni nani wasingepata kitu?